Cha Kufunika Pumzi

Dawlat alirudi kwenye bwawa la klabu majira ya baridi, miezi michache baada ya kumzika mumewe, Shukri. Hakurudi kwa hamu. Alizoea kuogelea asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, basi mwili ukajipeleka wenyewe. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yangekuwa barafu asingejali.

Kilichomshinda ni mapovu. Kila alipotoa pumzi chini ya maji aliisikia ile mashine iliyompumulisha Shukri hospitalini, ikinguruma kando ya kitanda. Ikawa kila mara anasimama katikati, anashika kamba ya kugawa njia za bwawa.

"Sikiliza muziki humo majini, shoga," akaambiwa na Mushira, jirani yake, aliyeogelea pembeni yake kwa kelele nyingi na mwendo wa kobe. "Vifaa vyake vipo. Mimi ningekuwa nacho kimoja ningevuka bahari hadi Kupro."

"Wewe hufiki hata ukutani."

Alisema bila kucheka. Mushira akacheka kwa niaba ya wote wawili, na jioni ile akamvuta hadi duka la vifaa vya muziki la Wagdi, huko mtaa wa Raml.

"Mama, hivi vya kupokea muziki kutoka kwenye simu usichukue," Wagdi alisema. "Ukizamisha kichwa tu, kimya. Chukua chenye nyimbo humo humo ndani." Akaweka viwili juu ya meza. "Hiki kinaziba sikio, sauti yake tamu. Hiki hakiingii sikioni, kinakaa hapa kwenye mfupa, muziki unapitia fuvuni."

Dawlat akajipachika kile cha kwanza. Kilikuwa hakijawashwa. Masikio yalipoziba, pumzi yake mwenyewe ikamjaa kichwani, kubwa kuliko hata majini. Akakichomoa upesi.

"Hapana. Hicho kingine."

"Lakini mama, kwa sauti, hiki..."

"Kasema hicho kingine," Mushira akamkata. "Wewe muuza duka au baba yake?"

Wagdi akawasha cha pili, akampa ajipachike. Ngoma na zumari za harusi zikamtetemesha Dawlat taya.

"Samahani, hizo ni za kujaribia, mpwa wangu kaoa juzi. Nizifute nikuwekee zako? Unapenda zipi?"

Dawlat akafikiri. Nyimbo alizozipenda alizikumbuka zote. Ila kupenda kwenyewe kulikuwaje, hakukumbuka.

"Ziache hizo hizo."

Asubuhi yake akaogelea huku bwana harusi asiyemjua akisifiwa na kupigiwa vigelegele ndani ya fuvu lake. Hakufurahi, wala hakuhuzunika. Wimbo mmoja ulipokwisha, kabla ya mwingine kuanza, mashine ikarudi. Kisha ngoma zikaifunika. Hakushika kamba.

Mushira alimngoja ukutani. "Enhe?"

"Kinafanya kazi."

"Basi? Hebu lete."

Akajivika, macho yakamtoka, akaanza kukata mauno kwenye maji ya kina kifupi mpaka mlinzi akapuliza filimbi.

"Hajjati, hapa si ukumbini!"

"Nani Hajjati? Mimi bado mwari!"

Dawlat alimtazama. Alijua kabisa kwamba hili linachekesha. Akasubiri kidogo aone kama kicheko kitakuja. Hakikuja. Akanyoosha mkono.

"Nipe. Sijamaliza."

"Kumbe umekipenda!"

"Sijui. Nipe tu."

Mushira akamvisha mwenyewe, polepole, akamrudishia nywele ndani ya kofia. Dawlat akausukuma ukuta kwa miguu, akaondoka.