Mplamu Uliokatwa Kama Chai

Tangu mumewe afariki, Edinah alijipatia riziki Kapkatet kwa kutunza miti ya matunda ya urembo, ile ambayo watu huipanda mbele ya maduka na nyumba zao ipendeze kwanza, kuliwa ni baadaye. Lakini mkono wake ulikuwa umefunzwa na chai, na chai ni mwalimu asiyesahaulika upesi.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, Mama Shirley alienda Nyeri kumzika shangazi yake. Akamwachia Edinah mplamu wa mbele ya gesti yake.

"Utoe matawi makavu tu, Mama Kiptanui. Mwisho wa mwezi wa nane ni ruracio ya Shirley. Wageni wanaoleta mahari nataka wapigwe picha chini ya maua. Marehemu baba yake aliupanda wiki ile Shirley alizaliwa."

Siku hiyo Edinah alikuwa ametoka kupogoa chai yake mwenyewe, na mkono ulikuwa bado moto. Akakata tawi moja, likaita lingine, akachukua msumeno. Aliporudi nyuma kuangalia, mti ulikuwa umelala bapa kama meza, kimo cha kifua. Chai ukiikata hivyo, itakushukuru. Mplamu hutoa maua kwenye matawi ya mwaka jana, na matawi hayo yalikuwa chini miguuni pake, yamejaa macho madogo ya maua kama punje za wimbi.

Siku ya tatu ikanyesha mvua ya mawe.

Mama Shirley aliporudi alishika mdomo.

"Ni mawe," Edinah akausikia ulimi wake ukisema. "Yalivunja matawi, ikabidi nisawazishe, mti usioze."

"Kumbe! Mungu akubariki. Bila wewe ningekuta kuni."

Jumapili Mama Shirley akasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa dada aliyeokoa mti wa marehemu. Watu wakapiga makofi. Edinah akainamia Biblia yake, akifungua kurasa asizozisoma.

Kesho yake Okemwa, mlinzi wa gesti, alimfungulia geti akitabasamu. "Mama, mvua yenu ya huku ni fundi. Inakata bapa kwa pimamaji!"

"Wacha mzaha, Okemwa."

"Mimi nimesema nini? Nimesifu mvua."

Edinah hakula mchana huo, wala hakumwambia mtu kwamba amefunga.

Siku ya ruracio ikafika. Ng'ambo ya barabara, mplamu wa duka la dawa, uliopigwa na mawe yale yale, ulikuwa mweupe pe kwa maua. Hapa gesti, meza ya matawi ilikuwa imechipua fito za majani, zimesimama wima. Wageni walipigwa picha ukutani.

"Mama Kiptanui," Mama Shirley akaita mbele ya watu wote, "wewe ndiwe mtu wa Mungu hapa. Tufungulie na maombi."

Edinah akasimama. Akainua mkono, akafumba macho. "Baba yetu..." Neno lililofuata likakataa kutoka. Akafumbua macho.

"Mti huu haukukatwa na mvua," akasema. "Niliukata mimi, nikaukata kama chai. Halafu nikasema uongo."

Mzee mmoja wa wageni akakohoa. Mama Shirley aliutazama mti, akatazama ng'ambo, akarudi kwa Edinah.

"Maliza kuomba," akasema polepole. "Wageni wana njaa."

Akaomba, kwa ufupi. Baadaye Mama Shirley alimfuata nyuma ya jikoni, alikokuwa akiosha sufuria bila kuambiwa.

"Maua ni ya mwaka mmoja," alisema. "Lakini ulinisimamisha kanisani nimshukuru Mungu kwa uongo. Huo nitaupogoa na nini?"

Edinah akaendelea kusugua sufuria. Maji yalikuwa yamepoa.

"Jumapili nitasimama mimi," akasema mwishowe. "Niseme kama nilivyosema hapa."

Mama Shirley akachukua kitambaa, akaanza kupangusa sahani karibu naye, bila kumwangalia.