Mizabibu Isiyonyweshwa

Asubuhi ya kwanza ya mavuno, binti aliosha mikono hadi kwenye viwiko, akaifuta, kisha akamimina kreti ya zabibu nyeusi ndani ya mtambo wa kukamulia. Ulikuwa mtambo wa mbao wenye skrubu ya chuma iliyopakwa nta ya nyuki, na ulikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Baba yake alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kumsindikiza mgeni. Alikuwa amemwahidi kwamba divai ya mwaka huu itakuwa yake yeye binti, tangu tunda hadi chupa, na tangu alfajiri alikuwa akijizuia asimwelekeze.

Binti alizungusha skrubu. Zabibu zikapasuka. Kwenye mfereji yakatoka maji.

Yalikuwa maji maangavu, ya baridi, yasiyo na harufu. Alizungusha tena, yakaja mengi zaidi, hadi kreti moja ikajaza pipa. Weusi wote wa zabibu ulibaki kwenye maganda. Alijaza bilauri ndefu, akatumbukiza kipimo cha sukari, kile cha kioo kinachoelea, nacho kikazama hadi shingoni kama kinavyozama kwenye maji ya bomba.

"Hamna sukari," alisema. "Hata kidogo."

Baba alichota kwa kikombe. Aliyazungusha mdomoni kama alivyozoea kuzungusha divai, lakini hakuyatema.

"Ya chemchemi," alisema. "Yana ule uchumachuma." Kisha akaenda kutafuta ndoo, kwa sababu mapipa yasingetosha.

Shamba lao lilikuwa dogo. Ukisimama kwenye kizingiti cha ghala la mapipa ulikuwa ukiliona lote likipanda mlima. Aina tatu za mizabibu zilizoota humo hazikuwa mahali pengine popote, na waliojaribu kupanda vipandikizi vyake kwingine walivuna kuni. Kulikuwa na Mapacha, ambayo zabibu zake hukaa mbili mbili kwenye kikonyo kimoja. Kulikuwa na Kinyongo, nyeusi, ambayo divai yake huwa chungu miaka ya mwanzo, kisha siku moja husamehe. Na juu kabisa, karibu na jiwe kubwa, kulikuwa na Mchelewa, nyeupe, ambayo huiva baada ya kila mtu kukata tamaa. Kati ya safu walipanda kunde. Konokono waliliwa na mabata bukini, ukungu wa majani ulitibiwa kwa maji ya maziwa, na makapi ya mwaka huu yalirudishwa shambani kuwa chakula cha mwaka ujao. Sumu haikuwahi kuvuka lango.

Juu ya yote hayo, mizabibu haikumwagiliwa. Huo ndio ulikuwa mwiko wa nyumba. Mzabibu ukinyweshwa, babu alikuwa akisema, unakuwa mtoto wa tajiri: unanenepa na haujui kitu. Mzabibu wenye kiu huteremsha mizizi hadi kwenye mshipa wa chemchemi, kule chini ya jiwe, na huko ndiko unakojifunza ladha.

Miaka mitatu kabla ya mavuno haya, kiwanda cha maji ya chupa kiliomba chemchemi. Afisa wa maji aliitisha mkutano pale pale inapobubujika, akauliza mbele ya watu nani anaitumia. Majirani walisema wanachota maji ya kunywa, wakaahidiwa mabomba. Zamu ya baba ilipofika, alivuta kifua mbele.

"Mimi?" alisema. "Shamba langu halijawahi kuomba maji kwa mtu. Mizabibu yangu inajitafutia."

Watu walimpigia makofi. Afisa pia alimpigia makofi, kisha akaikabidhi chemchemi kwa kiwanda, kwa kuwa mwenye shamba lililo karibu nayo zaidi hakuwa na haja nayo. Visima virefu vikachimbwa pembeni ya jiwe. Mabomba ya majirani yalitoa maji msimu mmoja, baadaye yakawa yanakohoa.

Dada yake baba, ambaye alikuwa akiishi chumba cha juu ya ghala na kuzifunga chupa kwa mkono, hakumsamehe.

"Mdomo huponza kichwa," alikuwa akimwambia kila alipomwekea chakula. "Wako, kaka, umeponza kichwa, miguu na shamba."

Msimu wa pili majani yalianza kujikunja. Baba aliapa kwamba mavuno yakikosekana tena atang'oa kila kitu na kukikodishia kiwanda ardhi hiyo kwa ajili ya kuegeshea malori. Binti aliomba mavuno ya mwisho, ya mkono wake. Alisugua pipa jipya kwa ndani, akalifukiza moshi wa salfa kuua ukungu, akaandika jina lake ubavuni kwa chaki. Mizabibu nayo ikazaa kuliko ilivyowahi kuzaa, matawi yakagusa ardhi. Sasa ilijulikana ilikuwa imebeba nini.

Habari zilisambaa kabla ya adhuhuri. Majirani walikuja na ndoo, madumu, masufuria, mmoja na beseni la kuogea. Hawakuuliza maswali. Walipanga foleni kutoka kwenye mtambo hadi langoni, na shangazi akaisimamia kwa ulimi wake.

"Wewe wa beseni, umekuja kuchota au kuoga?"

"Vyote, shangazi, ukiniruhusu."

"Rudi nyuma. Huku mbele ni kwa wenye kiu, wenye jasho wasubiri."

Binti alikamua Mapacha, akakamua Kinyongo. Kila kreti ilitoa maji yaleyale. Ilipofika jioni alikuwa na malengelenge viganjani, na alipokuwa akipita kando ya pipa lenye jina lake aliangalia upande mwingine. Mchelewa bado ilikuwa haijaiva. Alisema labda hiyo itakumbuka ladha. Baba yake alisema labda.

Kesho yake alikuja meneja wa kiwanda, kijana mwenye adabu, viatu vimelowa umande.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chunga bata hao, wanauma."

Meneja alitoa chupa ya kiwanda mkobani, akajaza vikombe viwili, kimoja cha chupa na kimoja cha mtambo. Alikunywa hiki, akanywa kile, akarudia.

"Ni yetu," alisema kwa masikitiko.

"Mmeyatoboa sikio kama mbuzi?" aliuliza shangazi. "Alama iko wapi?"

"Mama, chemchemi ni ya kiwanda, na maji yake ni ya kiwanda popote yanapotokea. Lakini mimi si mtu mbaya. Kama mzee aliimwagilia mizabibu maji ya kisima cha hapa uani, hayo ni yake. Nitaomba radhi na kuondoka." Akamgeukia baba. "Mzee, mizabibu hii mnainywesha?"

Kila mtu kwenye foleni alijua la kujibu. Kisima cha uani kilikuwepo, kikavu, na ndoo yenye tundu ikining'inia juu yake. Ungekuwa ushahidi wa kutosha. Meneja mwenyewe alionekana yuko tayari kuamini, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na gari lake lilikuwa mbali.

"Baba," alisema binti kwa sauti ya chini. "Sema tunainywesha."

Shangazi alikohoa. Nyuma yake, foleni nzima ikakohoa.

Baba alitazama juu, safu kwa safu, hadi kwenye jiwe.

"Babu yangu hakuinywesha," alisema. "Baba yangu hakuinywesha. Naweza kukosa vyote, lakini mizabibu yangu sitaisingizia uvivu mbele ya watu. Haijanyweshwa hata tone."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Meneja alimshukuru kwa ukweli wake. Majirani walirudisha maji ndani ya mapipa, ndoo baada ya ndoo, kwa uangalifu ili yasimwagike. Yule wa beseni aliomba amalizie kikombe alichokuwa amekinywa nusu, akaruhusiwa.

Siku iliyofuata fundi wa kiwanda alifunga mita kwenye mfereji wa mtambo. Alikuwa fundi mzuri, na hakutoboa mbao pasipo lazima. Lori la tangi likawa linasimama langoni. Ardhi ya kuegeshea malori haikuhitajika tena. Kiwanda kiliagiza kwamba mizabibu isiguswe, ising'olewe, na familia ibaki kuitunza kama ilivyokuwa ikiitunza siku zote, bila sumu, kwa sababu wanywaji wa siku hizi wanapenda kitu safi. Picha ya mabata bukini ikawekwa kwenye chupa. Pipa la binti, ambalo halikuwahi kuonja divai, shangazi alilitia kunde.

Mwishoni mwa msimu shangazi alirudi kutoka dukani na chupa moja ya kiwanda, kwa kuwa nyumbani maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha. Aliimimina kwenye bilauri tatu za divai, maana ndizo zilizokuwa safi. Wakaketi mezani.

Baba aliinua yake kwenye mwanga wa dirisha. Akanusa, akanywa kidogo, akafumba macho.

"Mchelewa," alisema. "Safu ya juu, ubavuni mwa jiwe."

Binti alionja yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Imechumwa mapema," baba alisema.

"Walitaka lori lijae."

"Ingengoja kidogo."

"Najua, baba."

Shangazi alifungua mdomo, kisha akanywa maji yake. Walimaliza chupa. Halafu baba na binti walichukua mikasi wakapanda mlimani, kwa sababu majani yalikuwa yameshadondoka na ulikuwa wakati wa kupogoa.