Bolti Mbili za Shafti

Saa tatu na nusu asubuhi, kitu kiligonga ndani ya kikombe cha chai cha Thirza Budgen.

Alikuwa amesimama tezi, nyuma kabisa ya mashua, mkono wa usukani kwapani, akiiongoza mashua yao nyembamba ya chuma kushuka Mto Soar. Kikombe alikuwa ameletewa na mumewe, Clem, kutoka jikoni. Kilikuwa cha bati la bluu, kimoja katika vile wasivyovitumia sana. Thirza akakitikisa, kikagonga tena. Akamwaga chai mtoni. Chini ya kikombe zilibaki bolti mbili fupi, kila moja imechongwa ncha kama penseli.

Alizitambua papo hapo.

"Clem, hiki kikombe umekitoa wapi?"

"Rafuni, nyuma ya chumvi. Vingine vyote vichafu, na zamu ya kuosha ni yako. Kwani chai ina nini?"

"Uliweka nini ndani yake?"

Clem akachungulia. "Ah, hivyo vyuma vyako. Si uliviacha kwenye bati langu la kuokea? Nilitaka kuchoma soseji, nikavitia humu visije vikapotea, kisha nikasahau."

"Lini?"

"Siku ile ya giaboksi, ulipokwenda kuoga. Nilidhani ni vya akiba." Akamtazama usoni na tabasamu lake likapotea. "Si vya akiba?"

"Hapana."

Katika mashua hiyo, iliyokuwa nyumba yao, jiko na injini vilitenganishwa na kitanda tu, na bati la kuokea lilikuwa na kazi mbili. Bolti yoyote iliyofunguliwa iliwekwa humo, kwa sababu iliyoanguka ndani ya ngama, kwenye maji meusi chini ya injini, haikuonekana tena. Mwezi wa Desemba Thirza alikuwa amefungua giaboksi mwenyewe ili abadilishe sahani ya springi iliyo kati yake na injini. Ya zamani ilikuwa imevunjika na kupiga kelele kama mkebe wa misumari. Alitoa shafti ya propela kwenye kiungo chake, akabadilisha sahani, akarudisha kila kitu gizani kwa tochi, mvua ikimpiga mgongoni. Bati lilipokuwa tupu, aliamini amemaliza.

Kiungo kile kilikuwa bomba fupi la chuma nyuma ya giaboksi, lililoibana shafti kwa bolti nne. Ila kilichoizuia isichomoke ni hizi mbili zenye ncha, zilizoingia kwenye vishimo viwili vya shafti yenyewe. Thirza alikuwa fundi wa maabara ya shule kwa miaka mingi, na jambo hili hakuhitaji kuchorewa. Propela ikisukuma mashua mbele, shafti hujikandamiza ndani ya kiungo, na hata kiungo kilicholegea hufanya kazi bila kulalamika. Propela ikigeuzwa kurudi nyuma, huivuta shafti itoke. Ikitoka, propela hugonga usukani na kuubana. Mashua hupoteza nguvu na mwelekeo kwa pamoja.

Na mashua haina breki. Breki yake ni kurudi nyuma.

"Inua mbao za sakafu," alisema. "Polepole. Usitie mkono, injini inazunguka."

Clem alipiga goti moja, kwa kuwa goti lake la kulia lilikuwa la chuma na plastiki tangu kiangazi na halikukunjika vizuri. Akainua ubao, akamulika kwa simu.

"Nitazame nini?"

"Mahali shafti inapoingia kwenye kiungo. Imechafuka yote, au kuna sehemu inang'aa?"

"Kuna pete inang'aa." Akainama zaidi. "Upana wa kidole changu."

Kwa hiyo ilikuwa imeshaanza kutoka. Asubuhi ile, walipoondoka mahali walipolala, alikuwa amerudi nyuma mara moja tu, kwa kugusa, ili omo, yaani mbele ya mashua, iachane na ukingo. Mara moja, na kidole kizima kimetoka. Tangu Desemba bolti nne zilikuwa zimeishikilia; sasa lazima zilikuwa zimelegea. Akakumbuka pia kwamba aliipaka shafti grisi ili iteleze kuingia, wala hakukumbuka kuipangusa.

"Basi tusimame tukaze," Clem alisema.

"Tusimame vipi?"

Clem aligeuka kuutazama mto.

Mto ulikuwa umepanda kwa mvua za wiki nzima. Kibao cha kupima maji kwenye loki waliyotoka, chumba cha maji chenye milango cha kupandishia na kushushia mashua, kilikuwa kimeshuka kutoka rangi nyekundu ya kukataza safari hadi njano ya tahadhari asubuhi hiyo hiyo, na walikuwa wametoka kwa njano kwa sababu wiki zao mbili za kuegesha mahali pamoja zilikuwa zimekwisha. Asiye na maegesho ya kudumu husogea, au huandikiwa barua ya onyo na wasimamizi wa mto. Sasa malisho ya pande zote mbili yalikuwa chini ya maji, na ukingo ulijulikana kwa mierebi tu, matawi yake yakichana maji. Kuchomeka omo kwenye mierebi hakukufaa. Mkondo ungeikamata tezi na kuizungusha hadi mashua ilale ubavu dhidi ya miti. Januari walikuwa wamepita mashua iliyofanya hivyo, na kilichokuwa kikionekana juu ya maji kilikuwa bomba la moshi. Nanga ilikuwa omo, na kwa kushuka na mkondo ingewazungusha vilevile, kwenye mto ambao hapa ulikuwa mwembamba kuliko urefu wa mashua. Kuzima injini ili kuirudisha shafti kulihitaji nusu saa ya kuelea bila mwelekeo.

Na nusu saa hawakuwa nayo. Baada ya kona mbili mto uligawanyika. Kushoto kulikuwa na mfereji wa kuingilia Loki ya Hathby. Kulia, mto wenyewe ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta mfupi uliokatiza maji, na juu yake maji yote yalimwagika.

Clem hakujua kuogelea. Walikuwa wameliongea jambo hilo walipouza nyumba na kununua mashua, wakalicheka.

"Vaa jaketi la kuelea," Thirza alisema.

"Limo chini ya viazi."

"Livae, Clem."

Alirudi amelivaa, na la Thirza amelishika. Alimfunga kifungo kifuani kama anayemfunga mtoto koti, kwa kuwa Thirza hakuthubutu kuachia usukani. Clem akajaribu kuzungumza kama kawaida.

"Nahodha, toa amri. Mimi ni baharia wa soseji tu."

"Tutaingia mfereji wa loki kwa mwendo mdogo. Ukutani upande wa kushoto kuna nguzo za kufungia. Utakaa pembeni, katikati ya mashua, na kamba ya kati. Utaitupa kwenye nguzo, uizungushe, uiache ipite kidogo kidogo. Kamba ndiyo itakayotusimamisha."

"Kama isipotusimamisha?"

"Tutagonga milango ya loki."

"Na kamba ikinishika mkono?"

"Usiizungushe mkononi hata kidogo. Ikikushinda, iachie."

"Mashua ya tani kumi na saba," Clem alisema, bila kumwambia mtu.

Kabla hajaenda, Thirza alimwomba kitambaa cha kufutia vyombo. Wenzo wa gia ulikuwa karibu na goti lake: mbele ni kusonga mbele, nyuma ni kurudi. Kwa miaka tisa mkono wake wa kulia ulikuwa ukiuvuta wenzo huo kila alipotaka kusimama, na haukuwa na desturi ya kumuuliza kwanza. Alimwelekeza Clem aufunge wenzo kwenye nondo iliyokuwa mbele yake kwa mafundo mawili, uweze kufika katikati lakini usipite kwenda nyuma.

"Unajifunga mwenyewe," Clem alisema.

"Ndiyo."

Kona ya kwanza waliipita vizuri. Hofu haikumzuia kuhesabu. Akipunguza injini mno, maji hayatapita kwenye usukani na mashua haitamtii. Akiongeza mno, ataingia mferejini kwa kasi isiyozuilika kwa kamba. Alichagua mlio wa injini ulio kati ya hayo mawili na kuushikilia kwa sikio. Chini ya mbao alisikia kitu kikigusa, tik, tik. Huenda kilikuwa kiungo. Huenda kilikuwa kikombe, alichokiweka sakafuni. Hakuinama kutazama.

Baada ya kona ya pili alisikia maporomoko kabla ya kuyaona. Yalikuwa sauti moja nene isiyopanda wala kushuka. Kisha akaona mstari, mahali mto ulipoishia na anga kuanza, na mbele yake kamba ya maboya ya rangi ya chungwa, nusu yake imezama.

Mdomo wa mfereji ulifunguka kushoto. Aliusukuma mkono wa usukani kulia kwa mwili mzima ili omo igeuke kushoto, akaongeza mafuta. Omo iliitikia, ikaingia kwenye maji yaliyotulia. Tezi ilikuwa bado mtoni, na mto uliivuta kuelekea maboya. Kwa muda mashua yote ilikwenda ubavu. Clem, pembeni, alikuwa amekumbatia reli ya paa, macho amefumba. Thirza aliongeza mafuta tena. Propela ilishika, tezi ikajivuta, ikapita ukingo wa ukuta kwa umbali wa mkono, na sauti ya maporomoko ikabaki nyuma yake.

Sasa mwendo ulikuwa mkubwa mno.

Mferejini hawakuwa peke yao. Kwenye gati ya kwanza ilikuwa imefungwa mashua ya makaa ya Garth Sproston, muuza makaa na gesi aliyejulikana mto mzima, naye amekaa juu ya magunia akila mkate. Aliinuka.

"Punguza mwendo!" alipiga kelele. Watu wa mashua humwambia hivyo kila anayepita, hata akipita kama konokono. "Thirza, unadhani hii ni barabara kuu? Mawimbi yako yatanivunjia sahani!"

"Sina kurudi nyuma!" Thirza alijibu. "Pokea kamba!"

"Huna nini?"

"Kurudi nyuma! Shafti imelegea!"

Garth aliutupa mkate.

Milango ya loki ilikuwa mbele, imefungwa, myeusi na yenye ukungu wa maji, nayo ikikua. Thirza alipunguza injini hadi mwisho na kutoa gia. Mashua haikuonyesha kujali. Na hapo mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe. Aliutazama ukienda. Uliushika wenzo ukauvuta nyuma kwa nguvu zote, na kitambaa kikakaza, na fundo likashika. Aliuvuta mara ya pili kabla hajaweza kuuondoa. Akauingiza mkono ndani ya jaketi, akaubana kwapani.

Clem alitupa kamba. Ilipita pembeni ya nguzo, ikaanguka kwenye majani. Garth aliikimbilia, akaidaka, akakita visigino na kuanza kuvuta kama anayevuta ng'ombe. Mashua ilimburuta.

"Usivute!" Clem alimwambia, na sauti yake ilikuwa kavu kuliko Thirza alivyowahi kuisikia. "Nguzo, Garth. Zungusha kwenye nguzo. Vidole mbali."

Garth alikimbia sambamba na mashua hadi nguzo iliyofuata, akazungusha mara mbili, akarudi nyuma. Kamba ilikaza. Ililia juu ya chuma, ikatoa moshi mwembamba, na Garth akawa anaipitisha kidogo kidogo. Mashua ililala upande wa ukuta. Ndani, vyombo vyote vilianguka. Ubavu ulisaga mawe, Clem akainua mguu wake mbovu kwa mikono miwili na kuuweka juu ya paa, nje ya njia.

Omo ilisimama mbele ya milango. Kati yake na mbao palikuwa na nafasi ya kupitisha kichwa.

Thirza alizima injini.

"Sahani zako nzima?" Clem alimuuliza Garth.

"Zangu nzima. Zenu nimezisikia." Garth alikuwa anapuliza viganja vyake. "Nani alifunga hiyo shafti?"

"Mimi," Thirza alisema.

"Na mimi niliipunguzia bolti," Clem alisema. "Kwa ajili ya soseji."

Walifunga kamba tatu, omo, kati na tezi. Clem alishuka ukutani akishikwa na Garth, akakaa kwenye nyasi zenye maji, jaketi bado kifuani. Thirza aliondoa mbao za sakafu, akashuka ndani ya ngama na tochi. Baada ya gia kutolewa maji yalikuwa yameivuta propela, na pete iliyong'aa kwenye shafti sasa ilikuwa upana wa vidole viwili. Alijaribu bolti nne za kubana. Tatu kati ya hizo zilizunguka kwa mkono mtupu.

Alitaka kujua jambo moja zaidi. Akaketi, akaweka kisigino cha buti mwishoni mwa kabari, kipande cha chuma cha kuifungia shafti ndani ya kiungo, kilichotokeza kwenye shafti, akasukuma kuelekea nyuma, si kwa nguvu.

Shafti iliteleza ikatoka kwenye kiungo, na chini ya maji propela ikagonga usukani.