Msitu Uliokauka Jumatatu

Mwalimu Luciana alizaliwa Mitundu, akakua akikwepa vichaka vya kwao vinavyorarua shati na ngozi kwa pamoja, na alipopata kazi akapelekwa kufundisha shule moja ya msingi pande za Kinyangiri. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Msitu wa kweli, ule ambao mtu anatembea saa sita za mchana bila kuliona jua, hakuwahi kuingia. Wala jambo hilo halikuwahi kumsumbua, mpaka Alhamisi moja ya mwezi wa tano alipoandika ubaoni, mbele ya darasa la nne: MSITU WA MVUA.

Aliwaeleza kama kitabu kilivyosema. Kisha akawagawia vipande vya karatasi ya mifuko ya saruji, iliyobaki walipojenga choo kipya, na vijiti vya mkaa.

"Kila mtu achore msitu anavyouona kichwani mwake."

Watoto arobaini na wawili wakainama. Walipomaliza, Luciana akabandika kazi zao ukutani na kurudi nyuma kuziangalia. Kila mti ulisimama peke yake, kichwa bapa kama migunga ya malishoni. Kati ya mti na mti palikuwa na nafasi ya kupitisha mkokoteni. Kila picha ilikuwa na jua kwenye kona, lenye miale mirefu. Kwenye picha ya Nathanaeli alikuwamo hata ng'ombe.

"Huyu ng'ombe amefuata nini msituni?"

"Kivuli, mwalimu," Nathanaeli akajibu bila kusita.

Darasa likacheka. Eliza hakucheka. Alikuwa msichana mrefu anayeishi na bibi yake, mwenye tabia ya kuuliza jambo mpaka lifike mwisho. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe ulipoingia huko uliona nini?"

Luciana angeweza kukwepa. Akaona aibu ya kukwepa ni kubwa kuliko ya kusema.

"Sijawahi kuingia, Eliza. Nimesoma tu."

"Basi tutajuaje kama tumekosea?"

Hapo kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Yunisi, mpishi wa shule, ambaye wote walimwita Mama Manase. Watoto wakasimama: "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Mwalimu, uji uko tayari."

Alikwisha kusema lililomleta, lakini hakuondoka. Macho yake yalitembea ukutani, picha kwa picha, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Wanachora nini hawa?"

"Msitu wa mvua, mama."

Yunisi akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilikwisha kumtoka. "Hii ni miti, mwalimu. Msitu bado haujafika."

Watoto walipokuwa wanakunywa uji, Luciana akamfuata jikoni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwomba amweleze maana ya neno lile.

"Mimi nimezaliwa Amani," Yunisi akasema, "kule milima ya Usambara. Baba yake Manase, Laurian, alikuja kuchuma chai, akanioa, akanileta huku kwao. Nyumba yetu ilikuwa pembeni mwa msitu. Tulikuwa tunaingia kuokota kuni na mbegu za msambu, zile za kukamua mafuta."

"Miaka yote hii, mama, sikujua!"

"Nani aliuliza? Nilipofika hapa, bado bibi harusi, niliwasimulia wenzangu kisimani. Nikawaambia kwetu kuna mti ambao watu sita wakishikana mikono hawauzunguki. Nikawaambia kuna mito haijui kukauka. Wakasema Laurian ameoa mwongo. Nikaona ya nini. Mwaka wa kumi na tisa huu, sijasimulia tena."

Akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

Kesho yake Luciana alimleta darasani, akamketisha kwenye kiti cha mwalimu, naye mwenyewe akaketi dawatini pamoja na watoto. Mwanzo Yunisi alisema kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake. Lakini maswali yalikuja kama mbuzi waliofunguliwa zizi.

"Mvua ikinyesha, mtu analowa?" aliuliza Pendo.

"Si mara moja. Kwanza unaisikia huko juu, kama watu wanapepeta mtama. Wewe chini uko mkavu. Baadaye mvua imekatika, jua limetoka, ndipo kwako inaanza kudondoka. Tone, tone, tone, mpaka jioni."

"Na mbingu ni rangi gani?"

"Mbingu haionekani."

Watoto wakainuka, wakaziendea picha zao. Viganja vikaanza kusugua mkaa, na majua yote ukutani yakageuka madoa meusi kwenye kona.

Aliwaambia kuhusu mizizi inayosimama kama kuta, mtoto akajificha humo usimwone. Kuhusu mimea inayoota juu ya matawi, haijawahi kugusa udongo. Kuhusu ndege anayeitwa hondohondo, ambaye mabawa yake unayasikia kabla hujamwona, yanavuma kama mtu anapepea moto kwa ungo. Luciana aliandika daftari zima.

"Mama," Eliza akasema, "mvua ndiyo inaleta miti, au miti ndiyo inaleta mvua?"

Yunisi akamgeukia mwalimu. Luciana akaeleza alichokijua: upepo wa baharini unapanda mlima, unapoa, unageuka mvua, na majani nayo yanatoa unyevu unaorudi hewani.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vyote viwili, nadhani. Ila kipi kilianza, sijui."

Eliza akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa nusu ya deni lakini ameridhika kwa leo.

Walianza upya. Waligundisha mifuko ya saruji kwa uji mzito mpaka ikatosha ukuta wote wa nyuma. Rangi ya kijani hawakuwa nayo, basi walichuma majani ya mwarobaini na ya mpapai, wakayatwanga kwenye kinu cha Yunisi na kuyachuja kwa kitambaa. Mwarobaini ulitoa kijani kizito, mpapai ukatoa chepesi. Ijumaa mchana na Jumamosi asubuhi walipaka. Chini wakaweka mizizi na uyoga. Katikati miti myembamba inayotafuta mwanga. Juu majani yaliyoshikana bila tundu. Na mti mmoja mkubwa kuliko yote ukatoka nje ya karatasi, wakaumalizia kwenye ukuta wenyewe. Walikwenda nyumbani na vidole vya kijani.

Jumatatu asubuhi Pendo ndiye aliyeingia wa kwanza. Wenzake walimsikia akilia.

Msitu ulikuwa wa kahawia. Kijani kilikuwa kimekwenda, isipokuwa michirizi kwenye pembe ya mbali na madirisha.

"Umekauka," Pendo akasema.

"Kiangazi kimefika na huko," Nathanaeli akasema, lakini hata yeye hakuwa na utani sautini.

Mwalimu mkuu Fabiano, mtu mzuri lakini mwepesi wa kuhukumu, alichungulia dirishani. "Mwalimu Luciana, majani si rangi. Bandua hayo, mrudi kwenye kitabu."

Luciana alipanda juu ya dawati kubandua. Alikuwa ameshika kona ya kwanza aliposikia kabati linafunguliwa nyuma yake.

"Mwalimu, ngoja." Eliza alikuwa ameshika kipande cha karatasi walichojaribia rangi Ijumaa. "Hiki tulipaka siku ileile. Mbona chenyewe kizima?"

Luciana akashuka. Akakichukua, akakiweka kando ya ukuta. Kilikuwa kijani kibichi.

"Kilikuwa wapi?"

"Humu kabatini."

"Kabati lina nini ambacho ukuta hauna?"

Watoto wakatazamana. Mmoja akasema lina daftari. Mwingine akasema lina panya. Eliza akakunja uso. "Halina jua."

Luciana hakuwaambia kama ni kweli, kwa sababu hakuwa na hakika. Wakapaka vipande vitatu vipya: kimoja wakakiweka juani kwenye kizingiti, kimoja ukutani, kimoja kabatini. Kila asubuhi walivilaza pamoja kuvilinganisha, kisha wakavirudisha. Siku ya tatu cha juani kilikuwa kama chai ya rangi, cha ukutani kimefifia, cha kabatini kinang'aa.

"Jua linakula kijani!" Nathanaeli akapiga kelele. "Tulifungie nje!"

Wakaleta magunia ya alizeti kutoka makwao, wakayatundika madirishani. Wakati wanajiandaa kupaka tena, Yunisi aliwazuia kugusa sehemu ya chini.

"Huko acheni hivyo hivyo. Msituni unakanyaga majani yaliyokufa. Mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Huo ukahawia wenu uko mahali pake."

Walipomaliza, Luciana akashusha gunia la mwisho na kufunga mlango. Giza likaingia mchana kweupe. Mwanga ulipenya kwenye matundu madogo ya magunia tu, ukaanguka ukutani na juu ya vichwa vya watoto kama sarafu. Hewa ilijaa harufu ya majani mabichi.

Yunisi aliletwa ameshikwa mkono na Pendo. Alisimama katikati ya madawati, akageuza uso juu, kushoto, juu tena. Luciana alisubiri aseme kilichokosewa.

"Hapo sasa," Yunisi akasema. Akavuta hewa kwa pua, akaongeza, "Nilidhani harufu nimeisahau."

Mlango ukafunguliwa, ukajifunga. Dawati likagongwa kwa nguvu.

"Nani kazima... Mwalimu Luciana, mko wapi humu?" Ilikuwa sauti ya mwalimu mkuu.

"Msituni, mwalimu," watoto wakaitikia.

Fabiano alibaki pale alipogonga goti, akilisugua. Macho yake yalipozoea, akaanza kusogea taratibu, mkono mbele. Akaufikia ukuta. "Huu mti unaishia wapi?" akauliza, na kidole chake kikaufuata mpaka juu, nje ya karatasi. Hakusema tena habari ya kubandua.

Wiki iliyofuata, Yunisi alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa. Alitaka likizo ya mwezi wa sita aende Amani. Mama yake mdogo alikuwa bado hai huko, na yeye hakuwa amekanyaga kwao tangu Manase ananyonya. Fabiano akamruhusu.

Habari zilipofika darasa la nne, watoto walikaa vikundi vikundi wakaandika maswali ya kwenda nayo. Hondohondo analala wapi? Konokono wa huko ni wakubwa kiasi gani? Mti ukianguka, nani anakuja kukaa kwenye nafasi yake? Eliza peke yake aliandika tisa. Siku ya kufunga shule Luciana akampelekea Yunisi jikoni karatasi hizo, akamsomea moja baada ya nyingine, kwa kuwa Yunisi alisoma kwa shida na alitaka kuyashika maswali kichwani. Mwishoni Luciana akaongeza la kwake, lililokuwa likimkera tangu siku ile ya giza: ukiwa humo ndani, unajuaje njia ya kutokea?

Yunisi akafikiri sana.

"Unajua, mwalimu, tulikuwa tunatoka tu. Sijawahi kujiuliza."

Akazikunja karatasi, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe na kalamu. Nikifika, na mimi nitaandika ya kwangu ya kuuliza."

Luciana alikuwa na kalamu moja tu, nyekundu, ya kusahihishia. Akampa.