Inua Kiwiko, Mwalimu

Chumbani kwetu tulikuwa watatu, lakini msemaji alikuwa mmoja. Tulimwita Redio. Aliamka akizungumza, akapiga mswaki akizungumza, na kuna siku alipitiwa na usingizi katikati ya hadithi, asubuhi akaimalizia pale pale alipoiachia. Mimi waliniita Pilipili, na sababu mtaziona wenyewe. Wa tatu alikuwa Profesa. Jina hilo hakulipata kwa alama zake. Hapakuwa na jambo duniani ambalo hakuwa na ushauri juu yake, kuanzia kufua soksi hadi kumpata mume, na soksi zake mwenyewe zilikuwa zinanuka.

Sote tulikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu. Mitihani ya kuandika ilishakwisha, ukutani tulishabandua ratiba zetu za kujisomea, na nusu ya bweni ilishaanza kufunga mizigo. Lilibaki jambo moja tu: mtahini kutoka nje kuja shuleni kukuona ukifundisha. Mtu huyo huketi nyuma ya darasa, hasemi neno, anaandika. Kipindi kikiisha anaondoka na kalamu yake mkononi na maisha yako mfukoni.

Hapo ndipo Redio alipokuwa akiishiwa betri. Akiwa na watoto peke yao, alikuwa mwalimu wa kutamaniwa. Lakini mtu mzima akikaa tu dawati la nyuma, sauti ilimkauka, akageuka, akaanza kuuhutubia ubao kana kwamba ubao ndio uliokuja kusoma. Mwaka uliotangulia mtahini aliandika kwamba hakusikia kitu zaidi ya "fungueni madaftari". Redio akaanguka. Wenzake wakavaa majoho, yeye akabaki kurudia mwaka pamoja nasi. Na chuoni kwetu unaruhusiwa kurudia mara moja tu. Ukianguka tena unakwenda kwenu bila cheti, na yote uliyosoma yanakuwa hadithi ya kuwapigia majirani.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku gauni la rangi ya samawati. Lilishonwa na shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu utotoni, ili alivae siku ya mahafali yale yaliyompita. Shangazi alipopata habari za kuanguka hakulia wala hakugomba. Alilichukua gauni, akakaa nalo mashineni kidogo, akalikunja, akamwambia, "Nguo haiozi, mwanangu. Itakungoja." Redio alinisimulia hayo siku moja, kisha akanyamaza, yeye, Redio! Tangu hapo kila nikifagia chini ya kile kitanda na ufagio ukagonga lile sanduku, nilipandwa na hasira. Sipendi kuona nguo nzuri imefungiwa kama mwizi.

Mimi na Redio tulipangiwa darasa moja, la nne, shule ya msingi iliyo karibu na chuo: mmoja akifundisha, mwenzake anakaa pembeni na kuandika maoni. Profesa alipangiwa darasa la jirani, ukuta kwa ukuta. Somo la Redio lilikuwa mzingo wa mstatili. Aliandika andalio la somo zuri ajabu, kila swali limepangwa na jibu lake, na akachora chati kubwa kwa kalamu za rangi, yenye kamba ya katani ya kuning'inizia, ndefu mara kumi ya ilivyohitajika.

Jumamosi tukaenda kufanya mazoezi bwaloni, baada ya meza kufutwa. Mimi nikawa darasa zima. Profesa akaketi mwisho kabisa, kavaa miwani ya kuazima iliyokuwa ikimteremka puani, akajifanya mtahini. Redio akaanza kwa sauti safi kabisa. Profesa akainamisha kichwa na kuandika neno. Basi. Redio akageuka, akawa anafundisha dirisha la jikoni.

"We Redio!" nikafoka. "Mtahini haumi!"

"Najua haumi," akaliambia dirisha. "Lakini anaandika."

Mpishi akatokeza kichwa pale dirishani, mwiko mkononi. "Unanisemesha mimi, mwanangu? Urefu na upana wa nini tena? Chakula kimekwisha."

Tulicheka hadi mbavu zikauma, Redio naye akacheka, lakini bado ametupa mgongo. Njiani kurudi bwenini Profesa alivua ile miwani akasema, "Jamani, msiwe na wasiwasi. Hili niachieni mimi." Sasa, mtu yeyote aliyekaa na Profesa chumba kimoja anajua kwamba akisema hivyo, mwenye akili huficha vyombo. Lakini tulikuwa tumechoka, hakuna aliyemuuliza ana maana gani.

Siku ya siku ikafika. Mtahini alikuwa mzee mrefu, suruali imepigwa pasi ikanyooka kama rula. Alikwenda moja kwa moja nyuma. Dawati la watoto halikumtosha, magoti yakagoma kuingia, ikabidi akae upande na kuegemeza viwiko vyote viwili juu ya meza. Akafungua faili lake. Mimi pembeni nilikuwa nimeshika kalamu, kijasho chembamba kinanitoka utadhani ninayetahiniwa ni mimi.

Redio akatundika chati yake. Akageukia darasa.

"Leo tutajifunza..."

"Mzingo wa mstatili!" darasa zima likaitika.

Redio akapepesa macho. "Vizuri. Nani atatuambia, mstatili una..."

"Pande nne! Mbili ndefu na mbili fupi!"

"Na tukitaka kujua..."

"Urefu jumlisha upana, halafu mara mbili!"

Redio akatazama andalio lake. Akasimama msichana mdogo wa dawati la nyuma, aliyevaa sweta la dada yake, mikono inamfika kwenye kucha. Akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, hapa sasa ndipo unaponiuliza mimi. Jibu ni sentimita ishirini."

"Nani kakwambia?" Redio akauliza, sauti imeshaanza kukauka.

"Mwalimu wa darasa la jirani. Jana mlipoondoka alikuja, akatufundisha yote, akasema tusikuangushe."

Nikatazama ukuta wa jirani. Upande wa pili nilisikia sauti ya Profesa ikitangaza jambo kwa ujasiri mkubwa. Kama ukuta usingekuwepo ningemtoa kwa masikio. Nyuma, kalamu ya mtahini ilikuwa inakwenda bila kupumzika. Kipindi ndiyo kwanza kimeanza, na andalio lote, kuanzia utangulizi hadi hitimisho, lilikuwa limekwisha.

Redio akageukia ubao. Nikajisemea, basi tena, ndiyo tumemzika. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na mimi machozi yakanilengalenga kwa uchungu na kwa hasira. Kumbe alikuwa anacheka. Aligeuka huku anajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la chaki.

"Kumbe mnajua yote!" akasema. "Sasa mimi nimekuja kufanya nini hapa?"

Watoto nao wakacheka. Akamtazama yule wa sweta.

"Hebu niambie. Mzingo ni kitu gani?"

"Ni ishirini, mwalimu."

"Ishirini ya nini?"

Mtoto akafikiri sana. "Ya ubaoni."

"Na mzingo wa dawati lako?"

"Hatujafundishwa dawati."

Hapo nikamwona Redio akibadilika. Sijui niseme vipi. Alipata uso ule anaoupata chumbani anapokaribia mahali patamu pa hadithi. Alikwenda kwenye chati yake, ile aliyoipaka rangi mpaka vidole vikawa vya kijani, akaifungua ile kamba. Chati ikaanguka chini, wala hakuitazama.

"Shangazi yangu ni fundi cherehani," akawaambia. "Mteja akiingia kupimwa kiuno, shangazi hamkaririshi kitu. Anamzungushia utepe, pwaa! Unaanzia hapa, unazunguka, unarudi ulipoanzia. Huko kuzunguka kote ndiko mzingo. Mimi nilikua nikimshikia ncha ya utepe. Haya, leo ninyi ndio mafundi, na madawati ni wateja. Na wengine wanene!"

Akakata kamba vipande, kila kundi kipande chake na rula. Darasa likachangamka kama soko. Huyu anashika kona, yule anavuta, mwingine anapiga kelele kwamba mteja wao anacheza miguu. Redio alikuwa kila mahali, anazungumza, anainama, anauliza, anazungumza tena. Nami niliacha kuandika maoni. Ningeandika nini?

Kundi la nyuma ndilo lililokwama. Yule mtoto wa sweta akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mteja wetu ana mtu juu yake."

Redio akaenda. Alikwenda huku bado anasema na kundi la katikati, akapiga goti sakafuni kwenye kona ya lile dawati, akashika ncha ya kamba, na bila hata kutazama ni nani akasema, "Samahani, inua kiwiko, mwalimu."

Mtahini akainua kiwiko.

"Na hicho kingine."

Akakiinua na hicho. Akabaki hivyo, viwiko hewani, faili limebanwa kwapani, kalamu inaning'inia kwenye vidole, huku watoto wanapita chini ya mikono yake na kamba. Wakazungusha, wakapima kwa rula, wakaandika. Kisha mmoja akasema wajaribu na ile njia ya ubaoni. Wakapima urefu, wakapima upana, wakajumlisha, wakazidisha mara mbili. Jibu likawa lile lile. Mtoto wa sweta akashika kichwa.

"Kumbe mara mbili ni kwa sababu ya upande ule mwingine!" akapiga kelele. "Mwalimu! Upande ule mwingine!"

"Ndiyo, mama," Redio akamwambia, bado yuko magotini, uso wake hatua moja tu kutoka magoti ya mtahini. "Umejua mwenyewe."

Sauti ilikuwa yake, nzima, yenye betri mpya. Kengele ilipolia alikuwa bado hajagundua alipo.

Alipogundua, tulikuwa tumeshaitwa ofisi ya walimu, na akaanza kutafuta ukuta wa kuzungumza nao. Mtahini aliketi, akapangusa vumbi la chaki kwenye mikono ya shati.

"Darasa hili lilifundishwa jana?"

"Inaonekana hivyo, mwalimu," Redio akajibu.

"Na nani?"

Redio akanitazama. Ulimi ulikuwa unaniwasha, mnisamehe. Lakini yeye alisema, "Si mimi. Lakini somo ni langu."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Profesa! Alikuwa amesimama nje akitusikiliza, kama kawaida yake. "Ni mimi, mwalimu," akasema. "Yeye hakujua kitu. Nilitaka kumsaidia. Kama kuna wa kuanguka, niangushe mimi."

Nilikuwa nimepanga kumnyonga. Nikaahirisha.

Mtahini alimtazama juu hadi chini. "Wewe nakuja kwako kesho. Nakuomba sana leo usifundishe mtu yeyote kitu chochote." Kisha akamgeukia Redio. "Mimi nilijua tangu jibu la kwanza. Nilishaandika maneno mabaya, na nilikuwa naendelea kuyaandika. Halafu ukaniinua viwiko. Nikakosa pa kuandikia, ikabidi nitazame."

Akafunga faili, akaaga, akaondoka. Hakusema amepita wala ameanguka.

Tukakaa roho mkononi. Kesho yake tulitahiniwa mimi na Profesa. Yeye akarudi amenywea, akasema alifundisha kama watu wengine wanavyofundisha, na kwamba ni kazi ngumu kweli. Redio alirudi kuzungumza, lakini kuhusu mambo mengine yote, na nilipofagia nilizungusha ufagio nisilifikie sanduku.

Tulikuwa bombani ghorofani tunafua, mkufunzi wetu wa mazoezi ya kufundisha alipotutokea. Alikuwa mama mnene asiyependa ngazi, na alikuwa amezipanda zote.

"Redio yuko wapi?"

"Nipo, mwalimu."

"Umepita." Akavuta pumzi. "Na huyo mwenzako mfundisha madarasa ya watu amepita, kwa neema. Na Pilipili tulishajua atapita."

Redio akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akakaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji, akalowana mpaka kiunoni, na bado hakikutoka kitu. Nilimshika mabega nikamtikisa. "Sema basi! Sema kitu, mjinga wewe!" Nilifurahi hadi nikakasirika. Profesa alikuwa analia kwenye shuka alilokuwa analisuuza. Mimi pia nililia, kwa nini nifiche. Mzigo ule tulikuwa tumeubeba watatu bila kuambiana.

Asubuhi ya mahafali shangazi alifika mapema, utepe wa kupimia shingoni kama mwingine avaavyo mkufu. Sanduku likavutwa, gauni la samawati likatolewa. Redio akalivaa. Zipu ikapanda, ikapanda, ikafika kiunoni ikagoma. Maharage ya bwaloni, mwaka mzima wa ziada! Profesa akaanza kutoa ushauri, nikamtazama, akaacha. Redio alikuwa karibu kulia.

Shangazi hakushtuka hata kidogo. Alilipindua gauni ubavuni akatuonyesha mshono. Ndani kulikuwa na kitambaa cha akiba, upana wa vidole viwili, kimekunjwa na kushikizwa kwa uzi mwepesi.

"Niliongeza hiki mwaka jana, kabla sijalikunja," akasema. "Mtu anayengoja hunenepa au hukonda. Kukonda ni rahisi kupunguza. Nikakuachia nafasi ya kunenepa."

 Akavuta utepe kutoka shingoni.

"Haya, inua viwiko, mwanangu, nikupime."

Redio akatutazama mimi na Profesa. Akainua vyote viwili, na huku shangazi anamzungushia utepe, akaanza kumsimulia yote tangu mwanzo.