Vidole Nyuma ya Mgongo

"Andika jina lako, Tegan. Zimebaki dakika kumi," Rosa alisema, akimsogezea karatasi ya wachezaji wa wawili wawili.

Tegan hakushika kalamu. Alikaa kwenye benchi la klabu, goti limefungwa barafu, inzi wa Mildura, mji wa Australia, wakimtambaa usoni bila haya. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wakiishi kwa tenisi pamoja, wakilala vyumba vya wageni kwenye nyumba za watu. Kila mara Rosa ndiye aliyeanzisha mpira. Tegan, akiwa mbele wavuni, alimwelekeza kwa vidole nyuma ya mgongo. Kimoja, katikati. Viwili, pembeni.

"Kirra alikuomba ucheze naye, ukamkatalia," Tegan alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Nani kakwambia? Yule karani wa klabu hana breki mdomoni!"

"Yule binti yuko juu kwenye orodha ya wachezaji bora. Mkishinda hapa, Januari mnaingia mashindano makubwa ya Melbourne. Mama yako atakaa jukwaani akuone. Mimi na goti hili nitakufikisha wapi?"

"Hebu nyamaza, kikongwe wewe. Bila wewe nitajuaje pa kupeleka mpira?"

"Una miaka thelathini na mbili, Rosa. Unasubiri nini?"

Rosa aligeuka akatazama mizabibu ng'ambo ya barabara, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tegan aliumia moyoni kuliko siku zote alizowahi kushindwa uwanjani. Akachukua kalamu, akaandika jina la Rosa, na pembeni yake la Kirra. Mwandiko ulikwenda upande, lakini ulisomeka.

"Nakuchukia," Rosa alisema.

"Najua. Nenda kamwambie mwenzio."

Asubuhi iliyofuata Tegan alisimama nje ya uzio, kwenye kona iliyomkabili Rosa, akiwa na kofia ya Rosa ya akiba. Mchezo ulikuwa umebana. Pointi moja tu ingeamua seti. Kirra alikuwa wavuni, ameshika raketi kwa mikono miwili, woga umemsahaulisha ishara. Rosa alidundisha mpira mara tatu, akainua macho kutafuta vidole, asivione. Akadundisha tena.

Ndipo Tegan alipogundua kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa nyuma ya mgongo, vidole viwili vimenyooka. Nyuma yake hapakuwa na mtu ila mzee mmoja aliyekuwa akila pai ya nyama.

Rosa, asiyeweza kuviona vidole hivyo, akaurusha mpira juu, akaupiga pembeni.