Mashavu ya Rodney Pascoe

Viti vya wageni katika kliniki yetu ya urembo mjini Gold Coast ni vya pinki, na asubuhi nyingi vinakaliwa na wanawake wanaotaka midomo minono. Wengine wanataka makalio. Mimi siwacheki, kila mtu na mwili wake. Ninaowacheka ni wale wanaokuja na picha ya mtu mwingine, wakidhani mimi muuguzi ni mganga wa kubadilisha sura.

Rodney Pascoe alikuja na picha yake mwenyewe. Aliingia na kofia pana kichwani, na alipoivua nikajua kilichomleta kabla hajafungua mdomo. Mashavu yalikuwa yamezama, mifupa imetokeza, hata panja zimebonyea. Dawa za mwanzo za kufubaza virusi vya Ukimwi ziliokoa maisha ya watu kama yeye, lakini ziliwala mafuta ya usoni. Wakapona, halafu kila aliyekutana nao dukani akajua wanaugua nini. Nimewatibu wengi, na kila mmoja ameniuma moyo.

"Sista, nina miaka sitini na sita, sitafuti mchumba," akasema. "Ni mama yangu. Yuko nyumba ya wazee pale Southport, kumbukumbu zimemtoka. Akiniona anapiga kelele. Anawaambia wahudumu kuna mgonjwa kaingia chumbani kwake, atolewe."

"Na ukimwambia wewe ni mwanawe?"

"Anasema mwanawe ana mashavu." Akaweka picha mezani. Kijana wa uso wa mviringo alikuwa akicheka, na kipande cha keki mkononi. "Nirudishie haya, tafadhali. Anijue kabla hajafa."

Dawa niliyomchoma haijazi uso papo hapo. Ni unga unaokorogwa na maji. Ukishaingia chini ya ngozi, mwili wenyewe unaanza kujenga nyama pale palipobonyea, na kazi hiyo inachukua miezi. Lakini siku ya sindano yale maji huvimbisha uso, na mtu akijitazama anadhani mambo yameisha. Ndiyo maana simpi mtu kioo kabla sijamwonya.

"Haya ni maji tu," nikamwambia Rodney. "Keshokutwa yatakuwa yamekauka. Usiende kujionyesha kwa mtu. Nenda nyumbani, ukakande mashavu kama nilivyokuonyesha, yasije yakafanya mabonge."

"Nimekusikia, sista."

Alinisikia wapi! Alitoka mlangoni moja kwa moja hadi Southport. Jioni akanipigia simu, analia kama mtoto.

"Kanijua, sista! Kaniita Roddy! Kanishika uso kwa mikono yote miwili!"

Nilifurahi naye, na hapohapo nikamwonea huruma, maana nilijua kinachokuja.

Wiki haikuisha. Alirudi bila miadi, uso umezama kama zamani, akasimama mbele ya viti vya pinki bila kujali nani anamtazama.

"Jana kapiga kelele tena. Kanirushia mto. Nichome yale maji peke yake, sista. Kila asubuhi, nikitoka hapa naenda kwake."

"Mzee wangu, mimi si fundi wa matairi nikupige upepo kila siku."

Mwanamke mmoja aliyekuja kwa ajili ya midomo akaangua kicheko, kisha akamwona Rodney vizuri, akanyamaza.

"Tukilazimisha sasa, utapata uvimbe usiotoka," nikasema. "Ngoja mwili ufanye kazi yake."

"Mimi naweza kungoja. Yeye je?"

Nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka pumzi yake ikatulia.

Akangoja. Aliacha kuingia chumbani kwa mama yake asimtishe, akawa anamletea biskuti na kuwaachia wahudumu. Alikuja kwa sindano ya pili, na baadaye ya tatu, na mashavu aliyakanda kwa bidii mpaka majirani wakamwona kichaa. Mijakaranda ilipochanua, nyama ilikuwa imerudi. Hakuwa yule kijana wa kwenye picha, lakini alikuwa mzee mwenye uso wake kamili, na mimi nilijivunia kazi hiyo kuliko midomo yote ya mwaka ule.

"Twende wote," akaniambia. "Peke yangu naogopa."

Mama yake, Bi Beryl, alikuwa amekaa karibu na dirisha, shali magotini. Alimtazama Rodney kwa muda. Hakupiga kelele.

"Karibu, baba, kaa," akasema.

Rodney akakaa. "Mama, ni mimi. Roddy."

"Hapana," akajibu kwa upole, kama anayemsahihisha mgeni. "Roddy ni mgonjwa." Kisha akanyoosha mkono, akampapasa shavu. "Ila alikuwa na mashavu kama haya. Halafu akaumwa, akakonda. Watu walisema ukimgusa na wewe unakufa. Nikawa namwekea chakula mlangoni. Mwanangu wa kumzaa, na sikumshika hata mkono."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Rodney mpaka kwenye vidole vya mama yake, na mimi nililia waziwazi, sikuona sababu ya kujificha.

"Ukimwona, mwambie," Bi Beryl akasema. "Mwambie mama yake alikuwa mjinga. Aliogopa tu."

"Nitamwambia, mama."

"Unamjua kumbe? Yuko wapi? Anaendeleaje?"

"Amepona," Rodney akasema. "Amenenepa, mama. Ungemwona."

"Afadhali," akasema Bi Beryl, na mkono wake haukutoka shavuni mwa Rodney.